Kutengeneza mabonge ya kuwasha kwa vumbi la makaa: uyashikishe kwa uji wa muhogo au udongo?
Muhogo. Udongo wa kichuguu unashika vizuri, lakini hauwaki: ukiuzidisha, sigiri inajaa majivu na moto unapoa. Kwa mabonge ya kupikia maharagwe, weka udongo kidogo tu, maana unapunguza kasi ya kuungua.

Kwa kilo 5 za vumbi lililochekechwa, pika gramu 300 za unga wa muhogo kwa lita 2 za maji hadi uji uwe mzito na wa kung'aa. Unga mbichi haugandishi, na ndiyo sababu mabonge mengi yanavunjika. Mimina kidogo kidogo ukikanda. Finya konzi moja: maji yakichuruzika kati ya vidole, ongeza vumbi, bonge likipasuka ukifungua mkono, ongeza uji.

Anika juani siku 3 hadi 5, na jioni uyafunike kwa kavera (karatasi ya nailoni), kwa sababu mvua huyarudisha kuwa tope. Vunja moja: likiwa na unyevu katikati, bado, litafuka moshi.

Tafadhali, yawashe nje. Hata yasipotoa moshi, hewa yake ya sumu huua ndani ya chumba kilichofungwa.