Chanjo ya homa ya manjano kwa aliyepandikizwa figo

Dada, umeuliza kama mzee aliyepandikizwa figo achanjwe homa ya manjano kabla ya safari ya India. Hapana, asichanjwe, hata kama wakala wa tiketi amesema bila kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo hiyo, hapandi ndege. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtu mzima wa afya havimsumbui, lakini anayemeza takrolimasi na dawa nyingine za kushusha kinga vinaweza kumletea ugonjwa wenyewe. Daktari wake wa figo aandike kwamba hafai kuchanjwa, kisha kituo cha chanjo kijaze na kugonga muhuri ukurasa wa msamaha ulio ndani ya kadi hiyohiyo ya manjano. Kanuni za afya za kimataifa zinautambua.

Nayajua haya kwa sababu kaka yangu ana figo niliyompa mimi, na safari zake zote hufungia mizigo kwangu hapa South B, Nairobi.

Ila msamaha haulazimishi nchi kumpokea. India inaweza kumweka karantini hadi siku 6 kwa sababu anatoka Kenya, kwa hiyo ulizeni ubalozini kabla ya kulipia tiketi. Dawa zisiingie kwenye sanduku kubwa, tafadhali. Azibebe mkononi, za siku nyingi kuliko safari, zikiwa na barua ya daktari. Na kengele ya simu: India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo dozi ya saa tatu asubuhi ya Nairobi kule ni saa tano na nusu. Amuulize daktari aisogezeje.