Mama kapasuliwa kifua na ana kisukari: niliyoyaona nikimuuguza baba

Pole sana mkuu, na mfikishie mama pole zangu. Umeuliza kwa nini wenzake waliopasuliwa moyo wiki moja naye wameshatoka wodini na yeye bado, tena anachomwa insulini wakati miaka yote alikuwa anameza vidonge tu. Baba yangu alipita humo humo. Alikuwa na kisukari cha miaka 15, akapasuliwa kifua katikati kuwekewa njia mpya za damu kwenye moyo, na mimi ndiye niliyemuuguza.

Hiyo insulini isikutie hofu. Mwili ukipasuliwa humwaga homoni za kukabili mshtuko, na homoni hizo hupandisha sukari hata kama mgonjwa hajatia kitu mdomoni. Baba hakuwa amekula tangu jana yake, sukari ikasoma 14 (kwa kipimo cha mmol/L). Madaktari walitaka ikae chini ya 10, na vidonge haviwezi kuifukuza kwa kasi hiyo. Shangazi alilia, akisema ukishaanza sindano huachi. Baada ya miezi miwili baba alirudi kwenye vidonge. Wapo wanaoendelea nayo, hilo ataliamua daktari wa mama.

Kazi kubwa ni vidonda. Mfupa wa kidari hufungwa kwa waya za chuma na huchukua wiki 6 hadi 12 kushikana. Sukari ikikaa juu, chembe nyeupe za damu hulegea katika kupambana na vijidudu, na vikifika kwenye mfupa mgonjwa anaweza kurudishwa chumba cha upasuaji. Kwa hiyo kila asubuhi tulikikagua kifua cha baba. Kilichotuponyoka ni mguu, walikotoa mshipa wa kupandikiza kwenye moyo. Ganzi ya kisukari ilimfanya asisikie maumivu, na sisi tulishtuka soksi ilipolowa usaha. Nakuomba ukague vyote viwili kila siku. Pakivimba na kuwa pa moto, pakitoa majimaji, akipata homa, au akisema mfupa unagonga akikohoa, usingoje tarehe ya kliniki. Na akikohoa akumbatie mto.

Wageni watakuja na uji wa sukari, juisi za boksi na glukosi ya unga ili "apate nguvu". Waombe kwa upole walete mayai, samaki, maharage. Kidonda kinataka protini.

Lakini usiogope sukari kupanda tu, ogopa na kushuka. Hamu ya kula hupotea baada ya upasuaji, na mtu akichomwa insulini halafu asile, sukari inaporomoka. Baba alikuwa pia kwenye dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, ambayo huficha dalili: hatetemeki, moyo haumwendi mbio. Saa 9 usiku nilimkuta kaloa jasho tu, sukari 2.9. Kwa kuwa alikuwa anaweza kumeza, nilimpa maji yenye vijiko vitatu vya sukari, nikapima tena baada ya dakika 15, ikafika 4.6, ndipo nikampa mkate. Kumbe siku nne tulikuwa tunampa insulini pamoja na vidonge vyake vya zamani, kwa sababu alipopewa ruhusa hakuna aliyetuambia vimesimamishwa na sisi hatukuuliza. Mama akiruhusiwa, beba vidonge vyake vyote umwonyeshe daktari kimoja kimoja, akuandikie kipi kinaendelea na kipi kinasubiri.