Nenda kwa mkulima wa kahawa wakati hana kahawa

Mwaka wangu wa kwanza wa kukaanga kahawa nilitoka Dar es Salaam hadi Muleba, mkoani Kagera, mwezi wa Julai, nina pesa mkononi na bei inayowapita walanguzi. Mzee mwenye nyumba alinipa kahawa za kutafuna, kama Wahaya wanavyomkaribisha mgeni. Kisha akasema, "Mwanangu, hiyo unayoiona uani si yangu tena."

Ilikuwa imeuzwa butura. Januari ada za shule zilimbana, mlanguzi akainunua ikiwa bado mbichi mtini, kwa bei ya kutupa. Bei yangu nzuri ilifika miezi sita baada ya shida yake.

Kwa hiyo wewe unayeanza kukaanga, nenda Januari au Februari. Anzia kwa viongozi wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, maana kahawa huuzwa kupitia huko. Ukiichukua mlangoni kwa mkulima unamtia matatani naye. Ukiweza kusaidia ada, pitisha pesa chamani kwa maandishi, na zirudi kama pesa. Usidai kilo za kahawa. Ukishafunga kilo kabla bei haijajulikana, nawe umenunua butura, hata kama nia yako ni safi.

Uwe wazi pia kuhusu hesabu yako. Kilo mbili za maganda, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake, hutoa takriban kilo moja ya kahawa safi, na jikoni kwangu hupungua tena kama asilimia 15. Kabla sijaeleza hayo, wakulima wengi waliona bei ya pakiti yangu wakaamini nawaibia. Niliwapelekea pakiti yenyewe, tukachemsha, tukanywa, tukapiga hesabu pamoja.

Kuhusu ubora, kahawa nyingi ya robusta ya Kagera hukaushwa na ganda lake. Ikianikwa chini huvuta harufu ya udongo, na hakuna moto wa kuiondoa. Nilipolalamika, mama mmoja aliniuliza, "Kichanja cha mbao na wavu ni shilingi ngapi, na nani analipa?" Sikuwa na jibu. Msimu uliofuata tuligawana gharama nusu kwa nusu.

Siku hizi mama huyo hanisubiri niulize kama imekauka. Hunipigia, akajaza maganda kiganjani, akayatikisa karibu na simu. Yakiwa na maji hayatoi sauti. Yakianza kulia chakachaka, ananiambia, "Umesikia? Bado siku mbili, nitakuita tena."