Kishale kupishana na mkono kwenye VNC
Mkuu, ukiendesha mashine pepe ya QEMU (programu inayoendesha kompyuta ndani ya kompyuta) kupitia VNC (njia ya kuona na kuendesha skrini ya kompyuta nyingine kwa mtandao), kishale cha kipanya kuachana na mkono wako si kosa la mtandao. Kipanya cha PS/2, aina ya zamani ambayo mashine pepe huiga, hutuma mwendo tu, yaani "sogea hatua 5 kulia", hakisemi kipo wapi. Mfumo wa ndani ya mashine pepe ukiuongezea kasi mwendo huo, vishale viwili, cha kwako na cha mashine, vinapishana hadi pembeni hufikii kitufe. Ongeza `-usb -device usb-tablet` kwenye amri ya kuwasha QEMU, ili kitumwe mahali kishale kilipo badala ya mwendo; kwa libvirt (programu ya kusimamia mashine pepe) ni `<input type='tablet' bus='usb'/>` kwenye mpangilio wa mashine. Kisha zima mashine kabisa, uiwashe upya. Kuiwasha upya kutoka ndani hakusomi mpangilio mpya, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kikilingana lakini bado kinachelewa, sasa angalia mtandao: punguza rangi, ondoa picha ya mandharinyuma.