Kabla ya kununua mashine ya kufyonza tope la bwawa, tazama maji yatakavyotoka

Wengi wanaoniuliza wanunue mashine gani ya kusafishia bwawa la bustani huanza na mota: wati 1,400 au 1,700? Nami huwauliza: maji yakishafyonzwa, yatatokaje? Nimetumia mashine za aina kadhaa, na kilichozitofautisha kazini hakikuwa nguvu ya kuvuta. Kilikuwa ni namna zinavyojimwaga.

Aina ya bei nafuu ina tangi moja. Hufyonza mpaka tangi lijae, mota inanyamaza, maji yanamwagika, kisha inaanza upya. Piga hesabu: tangi la lita 30 kwa mota inayovuta lita 4,000 kwa saa hujaa kwa nusu dakika tu. Baada ya hapo unasimama na bomba mkononi ukisubiri. Kama bomba halina kilango cha kuzuia maji kurudi, yaliyobaki ndani yake huporomoka bwawani pamoja na uchafu wake, na pale ulipokuwa umeanza kupasafisha panatibuka tena. Kwa bwawa la lita 2,000 au 3,000 lenye tope jepesi inavumilika. Likizidi hapo, uvumilivu huisha kabla ya tope.

Mashine ya matangi mawili ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi. Tangi moja likijaa, la pili linapokea huku la kwanza likijimwaga, kwa hiyo ufyonzaji haukatiki. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji mpaka uulize: nyingi za hizi humwaga maji kwa kuteremka tu. Mpira wa kutolea ukipanda hata kidogo, au ukijikunja, maji hukwama tangini na mashine huzima. Kama mahali unapotaka kumwagia pako juu kuliko mashine itakaposimama, tafuta yenye pampu ya kusukumia maji nje. Bei yake iko juu, ila hakuna kingine kitakachokufaa.

Kuhusu kina, watu huhangaika bila sababu. Bwawa likiwa na kina cha mita moja na nusu, mashine haibebi maji kwa mita zote hizo. Maji yaliyomo ndani ya bomba, chini ya usawa wa bwawa, yanasawazishwa na maji yaliyo nje yake. Mzigo wa mota ni ule umbali wa kutoka uso wa maji hadi mdomo wa kuingilia tangini, ukiongeza msuguano wa bomba. Kwa hiyo iweke mashine chini kadiri unavyoweza, usiipandishe barazani wala juu ya ukuta, na utaona tofauti papo hapo. Bado kina kinahusika na urefu wa mabomba: hakikisha yanafika katikati ya bwawa bila wewe kuingia majini.

Mashine ya kufagilia nyumba usiisogeze kabisa kwenye bwawa. Haikutengenezwa kwa ajili ya maji, na hapo unachezea umeme. Hata ile ya bwawa, iweke angalau mita 2 kutoka ukingoni na uichomeke kwenye soketi yenye swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Kwenye hili silegezi hata kidogo.

Kabla sijawasha, majani na mwani wa nyuzinyuzi nautoa kwanza kwa wavu wa mkono, maana nyuzi hizo ndizo huziba bomba kuliko kitu chochote. Kisha nashusha mdomo wa bomba polepole mpaka uguse tope, nautuliza. Kwenye kipande cha bomba cha plastiki inayoonyesha ndani, maji hupita meusi, yakawa ya kahawia, mwishoni meupe. Yakishakuwa meupe nasogea upana wa kiganja. Kipande hicho kiulizie dukani. Bila hicho utakuwa unafyonza maji safi bila kujua. Uliza pia kama nguvu ya kuvuta inaweza kupunguzwa mkononi, hasa kama chini una changarawe au turubai laini ambalo mdomo unaweza kuling'ang'ania.

Wenye samaki wasimalize tope lote kwa siku moja. Tope jeusi lenye harufu ya mayai viza limeoza bila oksijeni, na likitibuliwa kwa pupa hutoa gesi ya salfaidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kwa samaki. Nasafisha theluthi moja, naacha siku kadhaa, naendelea. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, wanaishi kwenye mawe na kwenye chujio, kwa hiyo chujio silioshi siku hiyohiyo.

Kumbuka pia kwamba kila dakika ya kufyonza unapoteza maji. Kwa ile mashine ya lita 4,000 kwa saa, dakika 15 ni lita 1,000. Kwenye bwawa dogo hiyo ni sehemu kubwa mno, na maji ya bomba ya kujazia yana klorini inayopaswa kuondolewa kwa dawa yake kabla haijawafikia samaki. Maji machafu yenyewe usiyatupe, mimea huyafurahia. Mwisho wa mpira wa kutolea nafunga mfuko wa wavu unaonasa konokono na vifaranga vya samaki, na nauangalia mara kwa mara ili niwarudishe wakiwa hai.

Kama bwawa lako husafishwa mara moja kwa mwaka, kukodi mashine nzuri ya matangi mawili ni bora kuliko kununua dhaifu. Ukiamua kununua, ulizia kwanza vipuri: mpira, mfuko wa wavu, na raba za kuzibia tangi. Raba hizo ndizo huchakaa mapema, na zikipitisha hewa mota hunguruma bila kuvuta chochote.