Msomaji kauliza: ile taa ya Chumbe nani anaiwasha?

SWALI: Assalaam alaykum mhariri. Mwezi uliopita nlipanda boti ya usiku kutoka Unguja kwenda Dar, nimekaa nje na mwanangu wa miaka tisa, mara tukaona taa gizani inawaka inazima, inawaka inazima, baba mmoja akatwambia hiyo ndo taa ya kisiwa cha Chumbe. Mtoto akaniuliza mama nani yuko kule anawasha na kuzima usiku kucha, hachoki? Nikashindwa kumjibu na hadi leo ananikumbusha. Halafu ni kweli aliyeijenga Mjarumani?
Mama wa Bububu

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Mpe mtoto hongera, kuna watu wazima wanapita pale kila wiki na hawajawahi kujiuliza hilo.

Mjarumani hapana. Mwingereza, mwaka 1904. Lakini hebu nianzie nyuma kidogo, manake bandari yetu ilikuwa na mnara wake wa taa kabla ya huo, pale pale mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la masultani, ukipata picha za zamani za Forodhani utauona umesimama karibu na maji. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikalipiga makombora jumba alilokuwemo Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa yao, haikutimia hata saa moja kwisha, watu wamekufa mamia, majumba yamebomoka na mnara nao ukapigwa. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazamishwa hapo hapo bandarini na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji hadi 1912, yaani miaka kumi na sita kila chombo kinachoingia mjini kinaiona. Saa ile kubwa iliyokuwa mnarani juu ya Beit al-Ajaib ndo ikaja baada ya hapo, 1897.

Sasa kwa nini Chumbe? Ukitokea Dar kisiwa kile kiko upande wako wa kulia kabla hujafika mjini (nyie mlikuwa mnakwenda Dar kwa hiyo kilikuwa kushoto), na pembeni yake kuna mwamba ambao maji yakipwa unauona wote, yakijaa huoni kitu, bahari shwari kabisa na mauti yako chini. Ami yangu alikuwa mvuvi wa mashua na aliniambia mchana mnara ule unamfaa kuliko usiku, anauweka sawa na alama nyengine ya nchi kavu, zikishapangana anajua yuko juu ya pahala pake pa samaki, zikiachana kidogo tu anajua mkondo unamchukua. Nlikuwa mdogo, alinishika kichwa akanigeuza uso nitazame, basi mpaka leo nikiuona mnara ule naisikia mikono yake masikioni, inanuka chumvi na ngisi.

Haya, swali la mtoto lenyewe. Mwanzo alikuwepo mtu kweli. Mlinzi wa taa alikaa kule, nyumba yake ipo mpaka leo na msikiti mdogo pembeni upo, na ngazi za mnara zinapita 130, sasa fikiria kuzipanda kila magharibi! Mwaka 1926 ikatiwa taa ya gesi ya AGA, kampuni ya Sweden, gesi yenyewe asetilini, ile ile mafundi wanayochomelea vyuma. Aliyebuni taa za namna hiyo ni Gustaf Dalén, Msweden, mkuu wa kampuni hiyo. Gesi haitoki mfululizo, inatoka kwa pumzi pumzi, kila pumzi inawashwa na kimoto kidogo kisichozimika, ndo unaona inawaka inazima na gesi kidogo inakwenda muda mrefu.

Na alibuni kitu chengine ambacho mtoto atakipenda. Ni fimbo nne za chuma, moja nyeusi na tatu zinang'aa. Jua likitoka ile nyeusi inanyonya mwanga, inapata moto, inarefuka kidogo tu, ule urefu ndo unabana njia ya gesi na taa inalala. Giza likiingia inapoa, inarudi ilivyokuwa, gesi inapita na taa inaamka yenyewe bila mkono wa mtu. Kwa hilo alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 1912, na mwaka huo huo mitungi ya gesi ikamripukia kwenye majaribio akapofuka macho yote mawili. Aliiongoza kampuni yake akiwa kipofu hadi alipofariki 1937. Mie kila nikikumbuka hili nanyamaza kwanza, mtu amewaangazia mabaharia dunia nzima na yeye mwenyewe yuko gizani miaka ishirini na mitano.

Chumbe sasa ni hifadhi tangu 1994 na watoto wa skuli hupelekwa kujifunza matumbawe, kwa hiyo kaulize skulini kwake wamtie kwenye safari, akaupande mwenyewe.

SWALI: Kila siku Unguja tu, kwani Pemba hatuna mnara?
Msomaji wa Wete

JIBU: Mnao kaka yangu, na mzuri. Uko Ras Kigomasha, mwisho kabisa wa kaskazini, unapita Konde, unapita msitu wa Ngezi, ufukwe wa Vumawimbi unauacha mkono wa kulia na mbele unaukuta, wa chuma, tangu 1900. Ng'ambo yenu Nungwi nako wanao, na watu wa kule hata mtaa wanauita Mnarani. Ukienda Kigomasha mtafute mlinzi kwanza umuombe ruhusa, na usiende umechelewa, njia ya Ngezi magharibi ikishaingia ni giza totoro.