Umeona Nini? Kwa Mnaojiunga na Kundi la Kutazama Nyota

Usiku wangu wa kwanza kwenye kundi nilipelekwa mbele ya darubini iliyolengwa sayari ya Mshtarii (Jupiter). Nikainama, nikachungulia, nikaona weupe unaotetema na kivuli cha kope zangu mwenyewe. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Nikasema, "Nimeona, ahsanteni," nikajitoa. Mzee aliyesimamia darubini akanishika bega: "Vinukta vingapi, mwanangu? Na viko upande gani?"

Sikuwa na jibu. Akanirudisha pale pale, akauweka mkono wangu kwenye kirungu cha kurekebishia, akaniambia nizungushe taratibu bila haraka. Ule weupe ukajikusanya, ukawa kisahani chenye mikanda miwili hafifu. Kandokando vikajitokeza vinukta vya nuru, vitatu huku na kimoja kule, vyote kwenye mstari mmoja. Hiyo ndiyo miezi aliyoiona Galileo Januari 1610, kwa darubini dhaifu kuliko ile iliyokuwa mbele yangu.

Tangu hapo nimesimamia darubini mara nyingi, kwenye viwanja vya shule na ufukweni, na ninalotaka mlishike ni swali la mzee yule. Neno "nimeona" lisiwatosheni, liwe limetoka kwa mgeni au kinywani mwenu wenyewe.

Watu wetu wana adabu. Bibi aliyesubiri nusu saa hataki kukusumbua. Mtoto anaogopa wenzake watamcheka. Baba wa makamo anasikia watu wakikohoa nyuma yake. Wote watasema wameona, washukuru, waende zao, nawe utadhani usiku umefana. Kwa hiyo uliza swali lisilojibika kwa adabu: vinukta vingapi, upande upi viko vingi, kipi kiko mbali zaidi. Uliza kwa upole na kwa heshima ya umri wake: "Bibi, nihesabie vile vidogo vya pembeni." Akisita, ujue hajaona, na kosa si lake. Huenda kifaa kimesogea, huenda jicho halikukaa mahali pake.

Nawe kabla ya kufungua foleni uwe umeshatazama mwenyewe na kuandika hesabu. Miezi ile mikubwa ni minne, lakini si kila saa utaiona yote. Mmoja ukipita mbele au nyuma ya Mshtarii unapotea machoni. Io, mmojawapo wa miezi hiyo, huizunguka sayari hiyo kwa muda usiofika siku mbili, kwa hiyo picha ya saa mbili usiku si ile ya saa tano. Rudi utazame kila nusu saa. Kumbuka pia kwamba darubini ya vioo hugeuza picha, juu ikawa chini na kulia ikawa kushoto, hivyo mtu akikujibu "kulia" usimkatalie kabla hujachungulia.

Kuna mambo madogo ya foleni ambayo hakuna aliyenifundisha. Darubini ya Dobson, ile ya vioo inayokaa kwenye kitako na kusukumwa kwa mkono, bila mota haiifuati anga, na ukikuza sana, sayari inatoka kwenye duara ndani ya dakika moja au mbili. Irudishe katikati kila baada ya watu wawili. Weka kiti cha kushikilia, maana mtu akiinama gizani mkono hutafuta pa kujiegemeza na mara nyingi hukamata darubini yenyewe. Kreti ya soda iliyopinduliwa inatosha kwa watoto, ila mshike mtoto mkono. Mwenye miwani ya kuonea mbali au karibu tu anaweza kuivua, kisha umrekebishie upya. Wa nyuma yake naye umrekebishie tena. Inachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Sasa jicho lako. Likitoka kwenye taa huhitaji dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza, na kutupia jicho simu mara moja tu kunakurudisha karibu mwanzo. Funika tochi kwa karatasi nyekundu ya nailoni, maana nuru nyekundu hafifu haiharibu sana. Kisha jifunze kutazama kwa pembeni ya jicho. Nenda mahali penye giza katikati ya Mei, kama saa nne usiku, ukabili kusini. Kutoka Dar es Salaam, Omega Centauri, lile fundo kubwa la nyota, inakuwa karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Kwa macho matupu ni nyota iliyofifia, kama imepanguswa kwa kidole. Ndani ya darubini yenye kioo cha inchi nane ni mamilioni ya nyota zilizosongamana, nuru yake imesafiri takriban miaka 17,000. Itazame moja kwa moja, halafu hamishia jicho pembeni kidogo bila kusogeza kichwa. Nyota za ukingoni ambazo hazikuwepo zitajitokeza. Nilipolipata hilo kwa mara ya kwanza nilikaa pale mpaka shingo ikauma.

Darubini si ya kununua mwezi wako wa kwanza kwenye kundi. Anza na Kilimia, kile kishada cha nyota kiitwacho pia Pleiades. Wahenga waliokipa jina la kulima walikitazama kwa makini kuliko wengi wetu leo, wakasema: kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mwezi Mei, masika bado ipo, kinapotelea kwenye mwanga wa Jua. Juni kinarudi alfajiri, mashariki, anga limeanza kukauka. Kuanzia Novemba utakiona jioni. Hesabu nyota zake kwa macho matupu, uandike tarehe, mahali na idadi. Wengi huona sita. Ukipata nne tu, anga lako lina taa nyingi au vumbi. Umeme ukikatika mtaani, toka nje uhesabu tena.

Vitabu vingi vya kuanzia vimeandikiwa watu wa kaskazini ya mbali. Vitakuambia utafute Nyota ya Kaskazini, ambayo ukiwa Dar, Mtwara au Mbeya iko chini ya upeo wa macho. Sisi tuna Msalaba wa Kusini: refusha mti wake mrefu mara nne na nusu hivi, ndipo ilipo ncha ya kusini ya anga. Na zile nyota tatu za mstari mmoja kwenye mkanda wa kundi la nyota la Orion huchomoza karibu mashariki kamili na kuzama karibu magharibi kamili, popote ulipo. Hata mwezi mwandamo kwetu umelala kama dau, si kama ulivyochorwa vitabuni.

Ukifikia kununua, anza na darubini ya macho mawili ya 10×50, yaani inayokuza mara kumi kwa lenzi za milimita 50. Usidanganywe na boksi lililoandikwa "mara 525". Darubini ya kipenyo cha milimita 60 ikipita mara 120 hukuza ukungu tu. Na pwani adui ni kuvu. Hifadhi lenzi kwenye boksi linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usifute kioo kwa ncha ya khanga wala shati. Chembe za chumvi ya bahari zitakikwaruza. Nimeona kioo kizuri kikiharibika hivyo, na iliniuma sana.

Usimwahidi mgeni picha za mtandaoni. Mawingu ya gesi angani yataonekana ya kijivu, kwa sababu jicho gizani halioni rangi. Machi 2025 tulipita kwenye bapa la pete za sayari ya Zohali (Saturn), tukawa tunazikabili kwa ubavu, na kwa muda ule wote pete zilikuwa mstari mwembamba tu. Zinafunguka polepole. Mwambie mgeni ukweli huo kabla hajainama, naye ataufurahia mstari ule.

Kuhusu Jua sina mjadala. Mchana darubini haielekezwi Juani bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele kabisa, na haiachwi peke yake hata dakika moja. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kikamilifu Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika sita, nasi huku Kenya na Tanzania tutaona sehemu yake tu ikifunikwa. Kwetu miwani ya kupatwa haitavuliwa hata sekunde moja, na watoto watatuzidi wingi. Mazoezi tuanze sasa.

Mwezi ukipatwa mambo ni mepesi. Usiku wa Septemba 7, 2025, kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52, Mwezi wote ulikuwa kivulini. Tulizifunika darubini, tukatandika mikeka, tukawauliza watoto: rangi gani? Mmoja alisema kutu. Mwingine, chai ya rangi. Binti mdogo hakujibu kuhusu Mwezi kabisa. Alinyoosha kidole pembeni yake na kusema nyota zile hazikuwepo tulipofika. Alikuwa sahihi: mbalamwezi ilikuwa imezimeza. Nilimpa daftari langu aandike mwenyewe.